Kufuli Hii ni ya Nani?

Wiki hii tuna swali lililoletwa na mama mmoja wa Ukunda, naye ameomba asitajwe jina. Mwanawe alikuwa akifanya kazi hotelini Diani. Wageni walipopungua akasimamishwa, naye akajifunza ufundi wa simu. Sasa ana kibanda karibu na steji ya matatu, na kila jioni hurudi nyumbani na unga, mafuta na samaki. Mama asema alikuwa akimshukuru Mungu mpaka siku aliposikia jirani akisema kwamba kijana huyo "afungua simu", na neno hilo likasemwa kwa kukonyezana. Tangu siku hiyo tonge halimshuki vyema. Auliza: "Sheikh wetu, tule au tusile?"

Wanachuoni wa usuli wametufundisha kwamba hukumu ya jambo ni tawi la kulijua jambo lenyewe. Mimi si fundi, basi kabla ya kushika kalamu nilikwenda kukaa na mafundi wawili, mmoja wa Ukunda na mwengine wa Msambweni, wakanieleza wafanyalo. Nimeona kwamba neno hili "kufungua" limebeba kazi nyingi zisizofanana. Baadhi yake ni halali safi kama maji ya mvua, na baadhi ni kusaidia wizi. Na mkono wa fundi hufanya karibu jambo lile lile katika zote: huchomeka waya, hubonya vitufe viwili pamoja, kisha hungoja mstari ujae kwenye kompyuta. Kwa hivyo hatuwezi kuhukumu kwa kuutazama mkono. Yatupasa tuulize kufuli inayofunguliwa ni ya nani, na aliyeiweka ana haki gani.

Tuanze na jepesi. Simu za Android, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2008, ni kompyuta ndogo. Ndani yake mna mfumo endeshi uliojengwa juu ya Linux, kazi iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Ufini mwaka 1991. Mfumo huu huweza kuharibika hali chombo chenyewe ni kizima. Nafasi hujaa, au moto hukatika katikati ya kusasisha, na simu ikiwashwa hukwama kwenye nembo ya kampuni isiende mbele wala nyuma. Fundi huuandika upya mfumo wa kiwandani kwa waya, na hii ndiyo kazi vijana waiitayo "kuflashi". Haina shaka yoyote ya kisheria. Ni sawa na kuezua makuti yaliyooza na kuezeka mapya. Tena ina manufaa makubwa, kwani mwaka 2020 wachunguzi wa usalama waliripoti kwamba baadhi ya simu za bei nafuu zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika zilikuwa na programu ovu iitwayo Triada tangu zikiwa mpya, ikiwakata watu salio kwa huduma wasizoziomba. Mwenye kusafisha uchafu wa namna hiyo anawatumikia watu.

Mafundi wengi huafikiana na mteja hivi: "Ikipona utanilipa, isipopona hunilipi." Katika fiqhi yetu mapatano hayo huitwa juala, nayo yafaa. Wanachuoni wameyatolea dalili kwa kisa alichokipokea Abu Said al-Khudri (r.a.), cha Masahaba waliomsomea Al-Fatiha mkuu wa kabila aliyeumwa na mdudu mwenye sumu, baada ya kuafikiana malipo ya kondoo. Lakini katika juala fundi hastahiki kitu mpaka kazi itimie. Wale wanaomtoza mtu pesa za "kuangalia" pasi na kumwambia tangu mwanzo, wayafikirie hayo.

Na simu ikifia mkononi mwa fundi? Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imamu Shafi ni kwamba mkono wa fundi ni mkono wa amana. Halipi isipokuwa amezembea au amepita mpaka. Hata hivyo imepokewa kutoka kwa Sayyidna Ali (r.a.) kwamba aliwatoza mafundi. Kuandika mfumo wa simu ya namba nyengine kwa kuwa "zinafanana" ni uzembe, kwani kila simu ina namba yake ya toleo na mfumo wake, na ukikosea waweza kuiua kabisa. Hapo fundi atalipa kwa kauli zote mbili.

Kazi ya pili vijana huiita kuruti. Neno hilo maana yake ni mzizi. Katika mifumo ya kompyuta ya ukoo wa Unix, hilo ndilo jina la msimamizi mkuu asiyezuiwa mlango wowote. Simu itokapo kiwandani, mnunuzi hupewa vyumba vyote vya kukaa lakini hapewi ufunguo wa stoo. Hawezi kuziondoa programu alizobandikiwa na kampuni, wala hawezi kuweka mfumo mwengine. Kuruti ni kuuchukua ufunguo huo. Kwanza hufunguliwa butiloda, programu ndogo inayoamka kabla ya zote na kukagua kama mfumo unaopakiwa una muhuri wa mtengenezaji. Watengenezaji wamehitilafiana katika hili: Xiaomi humtaka mtu aombe ruhusa na kungoja, na Huawei iliacha kutoa namba za kufungulia mwaka 2018. Butiloda ikifunguliwa, simu hufutwa kila kitu kilichomo, na hilo limefanywa kwa makusudi ili mwizi asipate picha na siri za mwenyewe.

Hukumu yake ni kwamba mali ni yako, na mtu ana mamlaka juu ya mali yake maadamu hamdhuru mwengine. Simu ya zamani iliyoachwa na mtengenezaji yaweza kuhuishwa kwa mfumo kama LineageOS na kumfaa mwanafunzi miaka miwili mitatu zaidi, na hilo ni bora kuliko kuitupa. Lakini mteja lazima aambiwe mambo yote kabla, sio baada. Dhamana ya duka huenda ikaanguka. Programu nyingi za benki hukataa kufanya kazi kwenye simu iliyorutiwa. Simu nyingi za Samsung zina alama ya ndani ambayo ikishaungua haifutiki hata mfumo wa kiwandani ukirudishwa. Fundi anayenyamaza juu ya hayo ili asimpoteze mteja amefanya ghushi, na ghushi tunaijua hukumu yake tangu kisa cha muuza nafaka aliyeficha iliyorowa chini ya kavu.

Kufuli ya mtandao sitaikalia sana. Ndugu zetu walioko Uingereza na Marekani hutuma simu nyumbani, ikifika huku laini yetu haisomwi kwa kuwa simu imefungwa kwa kampuni ya kule. Uingereza ilipiga marufuku kuuza simu za namna hiyo tangu Desemba 2021, na Marekani ilipitisha sheria mwaka 2014 kumruhusu mwenye simu kuifungua. Ikiwa aliyeituma amemaliza mkataba wake, hapana tatizo. Na mara nyingi kampuni yenyewe itampa namba ya kufungulia akiiomba, asilipe fundi pesa za bure.

Sasa tufike penye uzito, nako ni simu za mkopo. Nadhani ndizo zilizomfanya jirani akonyeze.

Msomaji anaijua historia yake kwa macho yake. Kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza mitambo ya umeme wa jua mwaka 2012 kwa watu wasiokuwa na stima, wakilipa kidogo kidogo kila siku kwa M-Pesa, na asiyelipa taa zake huzimika kutoka mbali. Baadaye mtindo huo ukahamia kwenye simu. Julai 2020 Safaricom pamoja na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo, mteja akilipa shilingi 20 kwa siku. Wengine wakafuata. Leo mwendesha bodaboda asiyekuwa na hati ya shamba wala karatasi ya mshahara aweza kupata simu nzuri, kwa sababu muuzaji hahitaji mdhamini: kufuli ndiyo mdhamini. Simu huwekwa programu inayotii kampuni kabla haijamtii mwenye kuishika, na namba yake ya IMEI huandikwa katika daftari la kampuni. Siku zikipita bila malipo, kioo hufunga na kuandika namba ya kulipia.

Basi kijana huja kibandani na simu iliyofunga. Ameshalipa miezi minne, imebaki mitano. Amwambia fundi, "Niue hii kufuli." Je, yafaa?

Wengi hujitetea kwanza kwa bei. Husema simu hiyo dukani kwa pesa taslimu ni nusu, na hawa wanamtoza maradufu, basi ni riba, na mali ya riba haina heshima. Hoja hii haisimami. Wanachuoni wengi wa madhehebu manne wameruhusu bei ya mkopo kuzidi bei ya taslimu, kwa sharti kwamba bei ya mwisho ijulikane na ikubaliwe siku ya mkataba, isizidi tena baadaye. Yaweza kuwa ghali, na mimi naona baadhi ya bei hizo ni za kuwaonea maskini, lakini ughali ni jambo moja na riba ni jambo jengine. Na lau kama muuzaji angeongeza faini inayokua kila deni likichelewa, ziada hiyo ndiyo riba. Rasilimali ya deni bado ni haki yake. Sura ya Al-Baqara, aya ya 279, imewaachia hata waliokula riba rasilimali zao wakitubia, wasidhulumu wala wasidhulumiwe.

Kisha wako wanaouliza swali la kisomi zaidi, na nimefurahi kwamba mmoja wao alikuwa kijana wa darsa zetu. Asema simu ikishauzwa ni ya mnunuzi. Vipi muuzaji abaki ameishika kwa kufuli? Swali zuri. Wanachuoni wa kishafi wa kale walilikataa sharti la kukifanya kitu kinachouzwa kuwa rehani ya bei yake chenyewe. Lakini Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa, katika kikao chake cha 6 kilichokutana Jeddah Machi 1990, lililitazama suala la kuuza kwa mafungu, likaamua kwamba muuzaji hana haki ya kubaki na umiliki baada ya mauzo, lakini yafaa ashurutishe kitu hicho kiwe rehani kwake mpaka amalize kulipwa. Uamuzi huohuo ukaharamisha nyongeza juu ya anayechelewa. Nami naona kufuli ya simu ya mkopo ni rehani ya zama hizi. Simu i mkononi mwako unaitumia, na mshiko wa rehani u mkononi mwa anayekudai.

Ikiwa ni hivyo, kuivunja kufuli kabla ya kumaliza deni ni kukimbia na rehani. Sura ya Al-Maida inafungua kwa amri ya kutimiza mikataba, wala haikusema mikataba ya Waislamu peke yao. Mtume wetu (s.a.w.) alifariki deraya yake iko rehani kwa Myahudi kwa shayiri aliyoikopa kwa ajili ya ahali zake, kama alivyopokea Bibi Aisha (r.a.) katika Sahihi ya Bukhari. Hakuna aliyesema kwa kuwa mdai si Muislamu deraya itwaliwe kwa hila. Na wako wazee miongoni mwetu wanaoshangaa jeneza linapowekwa na imamu akauliza kama marehemu anadaiwa. Basi na shilingi za simu zimo humo. Huulizwa kama zinavyoulizwa za duka.

Fundi naye husema, "Mimi natengeneza tu, dhambi ni ya mwenyewe." Hapana. Katika hadithi ya Jabir (r.a.) aliyoipokea Imamu Muslim, laana ya riba haikuishia kwa mlaji na mlishaji, bali ilimfikia mwandishi na mashahidi wawili, ambao hawakula hata senti. Anayechomeka waya akijua ni mshirika, na ujira wake ni ujira wa kazi isiyofaa.

Tena kazi yenyewe mara nyingi ni ya udanganyifu, kwani mafundi wote wawili niliowauliza wamekiri kwamba kufuli hizi hurudi. Simu ikifutwa na kuandikwa mfumo wa zamani hukaa siku chache, kisha ikikutana na intaneti huulizia daftari la kampuni, ikakuta IMEI yake inadaiwa, ikafunga tena. Kijana amelipa fundi, deni liko vilevile, na siku za kulipa zimezidi kupita.

Mwenye dhiki ya kweli ana mlango mwengine. Al-Baqara aya ya 280 imeamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wasaa, na mdai akisamehe ni bora zaidi. Amri hiyo humhusu mdai. Lakini mdaiwa naye asijifiche. Aende ofisini au apige simu, aeleze hali yake, aombe apunguziwe au airejeshe simu. Ama aliye na pesa akachelewesha kwa makusudi, Mtume (s.a.w.) ameuita mwendo huo dhulma, nayo iko katika Sahihi mbili.

Kuna hali mbili ambazo hukumu yake si hiyo. Aliyemaliza kulipa, ana ujumbe wote wa M-Pesa, na simu bado inafunga: haki ya rehani imekwisha, na kufuli imebaki bila mwenyewe. Aanze na kampuni, kwa kuwa wao waweza kuiondoa moja kwa moja, na wakimpuuza, fundi akimfungulia kwa kuuona ushahidi wa malipo simwoni kuwa na lawama. Na aliyenunua simu kwa mtu mtaani, kisha baada ya wiki ikatoa maandishi ya deni asilolijua, huyo ameuziwa kitu chenye aibu. Haki yake ni kumrejeshea muuzaji na kutaka pesa zake, sio kuhamisha dhulma aliyofanyiwa kwenda kwa kampuni. Ndiyo maana nasisitiza kwa wanaonunua simu za mkono wa pili, Likoni au Ukunda au kokote: bonya *#06# uone IMEI na uilinganishe na ya kwenye kasha, mtake muuzaji aondoe akaunti yake ya Google mbele yako, afute simu, kisha muiunganishe na intaneti mngoje. Mwenye simu safi hataona taabu ya robo saa.

Hilo la akaunti ya Google latupeleka kwenye kufuli ya nne, nayo ndiyo ya hatari zaidi katika mji wa wageni kama Diani. Tangu Android ya 5.1, mwaka 2015, simu ikifutwa kwa nguvu bila idhini ya mwenyewe hukataa kufanya kazi mpaka iandikiwe akaunti ya Google iliyokuwamo. Kufuli hii iliwekwa kwa ajili ya wezi, ili simu iliyoibwa isiwe na faida. Ni kweli kwamba humnasa pia mzee aliyefunguliwa akaunti na mjukuu wake, mjukuu akaenda Oman kutafuta kazi, na sasa hakuna ajuaye neno la siri. Kumfungulia mzee huyo ni wema. Lakini simu iliyonyakuliwa ufukweni asubuhi huja kibandani adhuhuri na maneno yaleyale: "Nimesahau neno la siri." Fundi hana ilmu ya ghaibu. Ana macho, na ana haki ya kuuliza.

Aulize kasha lenye IMEI, au risiti, au kitambulisho kinachoafikiana na jina la laini. Asiyekuwa na hayo, aitaje akaunti iliyokuwamo. Aliyeokota simu aipeleke polisi au kwa chifu wala asiifungue. Kijana wa miaka 16 mwenye simu ya bei ya ng'ombe, asiyejua lugha iliyoandikwa kwenye kioo chake, kimya chake ni jawabu. Na fundi ajue kwamba mbali na Akhera, Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 322, inamhukumu anayeshughulika na mali ya wizi kifungo kisichozidi miaka 14. Mafundi waaminifu wanaweka daftari: tarehe, jina, namba ya kitambulisho, IMEI, kazi iliyofanywa. Mwizi haliogopi jingine kama daftari lililo wazi mezani. Nami naona kwamba kuliweka ni katika kuzikinga shubha.

IMEI yenyewe isiguswe. Ni namba ya tarakimu 15 inayoitambulisha simu mbele ya mitandao, na kuibadilisha ni kubadilisha nasaba ya chombo ili kisitafutwe. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya, kwa marekebisho ya mwaka 2009, imelifanya hilo kosa la jinai kwa asiyekuwa mtengenezaji au wakala wake. Huweza kutokea simu ikapoteza IMEI kwa kuandikwa mfumo vibaya, mtandao usisomeke tena. Basi fundi mwenye hadhari huhifadhi nakala ya sehemu hiyo kabla ya kuanza kazi. Ikishapotea, mteja apelekwe kwa wakala wa mtengenezaji.

Nimjibu sasa mama yetu. Mama, mwite mwanao umuulize kwa upole, bila mashahidi, afanya zipi katika kazi hizi. Ikiwa riziki yake ni ya kurudisha mifumo, kubadilisha vioo na kufungua simu za wenyewe waliosahau, kuleni na mshukuru. Ikiwa amechanganya, jambo ambalo laelekea, Imamu Nawawi na wengine katika madhehebu yetu wameeleza kwamba kula kwa mwenye mali mchanganyiko ni makuruhu, wala si haramu, maadamu hukujua kwa yakini kwamba kitu hiki khasa kimetoka kwenye haramu. Samaki wa leo akiwa amenunuliwa kwa pesa za simu unayoijua kuwa ya wizi, huyo usimle. Ama yeye mwenyewe, aache tangu leo. Simu ya wizi aliyoifungua na mwenyewe anajulikana, ajitahidi haki imfikie. Ujira aliouchukua kwa kazi hizo autoe kwa maskini au maslahi ya Waislamu kwa nia ya kujitakasa, si kwa nia ya sadaka, na akishindwa kwa mara moja atoe kidogo kidogo. Usimfukuze, wala usimvunjie kibanda. Kazi anayo nzuri mkononi, na miji yetu inahitaji mafundi.

Limebaki moja ambalo mama hakuliuliza, lakini wanawake wengi wameniuliza pembeni. Ndani ya simu mna picha za nyumbani: mke bila mtandio, harusi za ndani, watoto waoga. Baadhi ya mafundi huzifungua kwa kisingizio cha kujaribu kama simu inafanya kazi. Mtume (s.a.w.) alipomkuta mtu akichungulia nyumbani kwake kupitia tundu la mlango, alikasirika kwa ghadhabu kubwa, na akabainisha kwamba kubisha hodi kumewekwa kwa ajili ya jicho. Simu ya mtu ni nyumba yake. Fundi ajaribu kamera kwa kupiga picha meza yake. Akihamisha data kwenye kompyuta ili aandike mfumo, airudishe kisha aifute mbele ya mteja. Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imeifanya siri ya mtu kuwa haki yake hata mahakamani. Nanyi wenye simu, toeni kadi ya kumbukumbu na laini kabla ya kuikabidhi, na kama kioo bado chafanya kazi, hamisheni picha kwanza.

Na zile simu zinazokaa miezi kwenye droo ya fundi, wenyewe wasirudi? Nimeambiwa baadhi huzifuta na kuziuza kufidia kazi. Hizo si luqata, yaani kitu kilichookotwa, hata zitangazwe mwaka kisha zitumiwe. Ni amana aliyokabidhiwa kwa mkono. Amtafute mwenyewe kwa namba aliyoiacha, kisha kwa jamaa zake, na aandike kwenye risiti tangu siku ya kwanza muda wa kungoja na kitakachofanywa ukipita, ili mteja aridhie akijua. Bila ya maandishi hayo, asiuze. Akikata tamaa kabisa na alipwe haki ya kazi yake, alipeleke shauri kwa kadhi au kwa chifu, iuzwe mbele ya mashahidi, achukue ujira wake na kilichozidi kihifadhiwe kwa jina la mwenyewe.

Wallahu aalam.